Jina la Keldrigg na Kondoo Wasio na Uzio

Enid Keldrigg alikuwa na sauti mbili. Ya kanisani ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba radhi hata kwa kuketi. Ya mkutano wa wachungaji, loo, hiyo ilitoka tumboni. Kila Novemba wachungaji wa bonde zima walikutana kwenye mazizi yaliyo nyuma ya baa ya kijiji, kurudishiana kondoo waliopotea milimani. Mpiga mwito aliingia zizini, akamkamata kondoo, akatazama mkato wa sikio na alama ya rangi mgongoni, halafu akaita jina la shamba. Pale mtu haitwi kwa jina alilobatizwa nalo. Linaitwa shamba, na mwenye shamba anaitika. "Keldrigg!" Na Enid, mwanamke ambaye kofia yake haikufika hata mabegani mwa wanaume wa kule, aliitika "Hapa!" hadi mbwa wa watu wakasimamisha masikio.

Alikuwa akiitika hivyo tangu baba yake azikwe. Kabla yake aliitika baba, na kabla ya baba, babu. Keldrigg ni shamba na Keldrigg ni ukoo. Jina limetokana na chemchemi iliyo juu ya mgongo wa kilima, nyuma ya nyumba, na maana yake ni hiyo hiyo, chemchemi ya mgongoni, kwa lugha ya watu waliokuja na mashua kutoka kaskazini zamani, Uingereza ikiwa bado haijawa nchi moja. Akina Smith wamejaa kila kichochoro, ukirusha jiwe mjini London utampata mmoja. Lakini Keldrigg? Ukimkuta Keldrigg popote duniani, ujue kuna mguu wa mzee wake uliowahi kukanyaga tope lile lile analolikanyaga Enid asubuhi akienda kuwalisha mbwa. Enid alipopanda hadi chemchemini na kutazama maji yakitoka chini ya jiwe, mwili ulimsisimka. Maji yalikuwepo kabla ya jina, na jina lilikuwepo kabla ya kanisa. Alikuwa akivua kofia pale, jambo ambalo hata mbele ya kasisi hakulifanya.

Sasa nyonga zilikuwa zimegoma. Daktari alimwambia asipande tena mlima kwa miguu, naye akamwambia daktari ashughulike na wagonjwa. Lakini mwili hauna adabu. Masika yale alianguka kwenye ngazi ya zizi, akalala pale na matope mdomoni mpaka Bryony alipomkuta.

Huyu Bryony alikuwa binti wa marehemu Marian, mdogo wake Enid. Alizaliwa chumba cha juu cha nyumba ya Keldrigg, mwaka ambao theluji ilifunga barabara na Marian, aliyekuja kutembelea kwao, akashindwa kufika hospitali. Shule ilipomshinda, au yeye alipoishinda shule, alirudi kwa mama yake mkubwa na hakuondoka tena. Kuzalisha kondoo, kunyoa, kujenga ukuta wa mawe usiohitaji udongo, kumpigia mbwa mluzi kutoka upande wa pili wa bonde, yote alikuwa ameyashika. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na Enid hakuona haya kuitaja mbele za watu. Alikuwa Dobbs. Baba yake alikuwa dereva wa lori la chakula cha mifugo kutoka Birmingham.

"Alikuja kushusha magunia," Enid alipenda kusema, "akaondoka na mdogo wangu."

Ndipo akaja msimamizi wa mwenye ardhi, maana Keldrigg haikuwa mali ya akina Keldrigg. Walikuwa wapangaji tangu kuwe na watu wa kupanga. Kijana mpole, buti safi mno. Akanywa chai, akasifu keki ya tangawizi, kisha akasema, "Bi. Keldrigg, baada yako ni nani? Nahitaji kuambiwa jina siku ya mkutano wa wachungaji. La sivyo..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. La sivyo ilikuwa nyumba kukodishwa kwa watu wa mjini wanaokuja Jumamosi kupiga picha, na kondoo kupelekwa mnadani. Na kondoo wale wakishauzwa, basi tena.

"Nipe mimi," alisema Bryony buti safi zilipoondoka. "Mama mkubwa, unajua naweza."

"Kuweza unaweza. Nani kasema huwezi? Lakini Keldrigg ikae na Dobbs? Tangu lini?"

"Basi nitabadili jina."

"Jina si koti, Bryony, hili limechanika naazima lingine."

Bryony alikusanya vikombe bila kugongesha hata kimoja, na hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake. Akiwa mlangoni akasema, "Kule Carlisle wananipa kazi ya kukamua ng'ombe. Nitangoja mpaka mkutano. Baada ya hapo nitajua pa kulala." Enid akajifanya anatafuta miwani yake.

Mwanamke yule alikuwa mkaidi, lakini msimhukumu haraka. Alikuwa na mpango wake. Kaka yake Wilfred hakuzaa, na sasa alikuwa kwenye nyumba ya wazee mjini Kendal akitazama mpira. Marian alizaa Dobbs. Yeye mwenyewe aliwahi kuchumbiwa na mwuza trekta, akamwona anavyomshika kondoo, uchumba ukafa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye jina hangetoka ndani ya nyumba. Ilibidi atafutwe nje. Na kwa bahati yupo mtu ambaye kazi yake, tangu astaafu ukondakta wa mabasi huko Oldham, ilikuwa kuwatafuta akina Keldrigg wa dunia nzima kama mtu anayetafuta kuku wake jioni. Naye ni Clement Keldrigg.

Clement alikuja mwanzo wa vuli, akatandika kitambaa cha meza jikoni kwa Enid. Mkewe alikishonea ramani ya dunia kwa uzi wa bluu, na kila penye Keldrigg aliye hai alishona kifungo cha shati. Enid akavaa miwani, akainama. Dunia yote ile! Marekani tupu. Afrika tupu. Uchina nzima, na watu wake wote wale, hakuna hata kifungo. Penye Oldham kulikuwa na kirundo cha vifungo vyeupe, wajukuu wa watu walioshuka kutoka mlimani viwanda vya pamba vilipoanza kuunguruma. Chini kabisa, karibu na upindo wa kitambaa, kwenye visiwa vya Falkland vilivyotupwa baharini kuelekea barafu ya kusini, kulikuwa na vifungo vichache vya kahawia. Na juu, peke yake, kifungo kimoja cheusi cha koti.

"Hicho ni mimi?" aliuliza Enid.

"Ni wewe. Wilfred amehesabiwa Kendal, yuko hapo pembeni."

"Na hawa wote walitoka hapa? Kwenye jiko hili?"

"Jina halikuanzia pengine popote, Enid. Hakuna."

Enid akavikusanya vifungo vya Oldham kwa kiganja, kitambaa kikajikunja na mkono ukavifunika vyote. Jina zima la watu, lenye miaka isiyosemeka, likaenea kiganjani mwake. Machozi yakamtoka, na alikuwa mtu ambaye hata msibani hulaumu vumbi.

Na Clement hakuja peke yake. Alikuja na kifungo cha kahawia chenye miguu. Lorne Keldrigg, kijana mpana wa visiwa vya Falkland, uso uliopigwa na upepo tangu utotoni, mchungaji mwana wa mchungaji. Alipofika uani hakusalimia mtu kwanza. Alikwenda zizini, akamshika kondoo kidevuni, akamfungua mdomo, akatazama meno, akamwachia taratibu. Enid alimwona kupitia dirishani. Keldrigg, mwanamume, na anajua kumshika kondoo! Kama angemwagiza dukani asingepata bora zaidi. Jioni hiyo Bryony aliwapakulia viazi na nyama ya kondoo wote watatu, yeye akala amesimama.

Kikabaki kitu kimoja, kipimo cha vinasaba. Clement alitaka kuonyesha kwa sayansi kwamba matawi yote matatu ni damu moja, kwa upande wa baba, kutoka kwa mzee mmoja wa kwanza. Lorne alishatema mate yake, Clement pia. Wilfred wa Kendal alikubali kutema kwa sharti aletewe peremende. Kwa Enid jambo hilo lilikuwa sherehe tu. Alishamwandalia Lorne chumba cha baba yake.

Majibu yalikuja siku mbili kabla ya kushusha kondoo. Clement aliyasoma kwenye simu yake pale mezani, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena.

"Vipi?" akauliza Enid. "Mbona umekuwa kama aliyemeza nyuki?"

"Hatufanani."

"Nani na nani?"

"Hakuna hata wawili. Mimi na Lorne hatuna baba mmoja, hata ukirudi nyuma mamia ya miaka. Na Wilfred hafanani na mimi, wala hafanani na Lorne. Ni wanaume watatu tofauti, Enid. Jina moja, baba watatu."

Enid alisema kile ambacho wote walikifikiria.

"Yaani bibi zetu walikuwa wahuni?"

"Sikusema hivyo."

"Kipimo chako kimesema! Salaale! Watu wamelala makaburini kwa heshima zao, nyinyi mnakwenda kuwatolea siri kwa mate na peremende!"

Bonde halina siri. Kesho yake Amos Mounsey wa shamba la Rowhead, jirani ambaye mdomo wake ulizaliwa bila breki, aliegemea ukuta akapaza sauti. "Enid! Nasikia kwenu kulikuwa na mlango wa nyuma!"

"Na kwenu mlikuwa hamna mlango kabisa, mliingia kama mbuzi!" alijibu Enid, na akaingia ndani. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akajiuliza ni baba wa nani hasa. Kile kifungo cheusi peke yake kule juu, je, kilikuwa na haki ya kukaa pale? Huenda yeye ndiye mgeni, na mwenye jina yuko Oldham anauza bima. Huenda hayupo mwenye jina popote. Alijisikia baridi ya ajabu, ya mtu aliyesimama kwenye nyumba yake akagundua hajui nani aliijenga.

Jioni akamwita Bryony. "Nitamwambia yule wa buti safi hakuna mtu. Likome na mimi. Afadhali likome kuliko kulipachika kwa yeyote tu."

"Kwa yeyote tu," alirudia Bryony. Akaenda kulisha mbwa.

Lakini kondoo hawajui habari za mate. Siku ya kuwashusha ilifika, na siku hiyo bonde lote hupanda, hata wanaonuniana. Lorne akabaki kusaidia. Enid alikaa juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, shuka miguuni, Lorne akiendesha, wakapanda hadi kwenye jabali ambako mlima wote unaonekana. Bryony alikuwa ametangulia kwa miguu kabla jua halijatoka, na mbwa wake Moss, kuzunguka juu kabisa.

Ukungu ulikuwa unaachana na mlima polepole. Kwanza zikaonekana sauti, ukiniruhusu kusema hivyo, maana kila kitu kilikuwa cheupe na mluzi wa Bryony ukatoboa kutoka juu, mrefu, mfupi, mrefu. Kisha mstari wa kijivu ukaanza kumwagika kwenye mteremko. Kondoo. Wakafuata wengine, na wengine, mama na wana wao weusi, wakishika vijia vyembamba ambavyo hakuna binadamu aliyevichimba. Kwenye mteremko wa kushoto wakatokea wa Amos, alama ya bluu. Makundi mawili yakateremka sambamba, hata mtu angeweza kurusha kofia kutoka hili hadi lile, na hakuna kondoo aliyevuka.

Lorne alisimama juu ya pikipiki. "Uzio uko wapi?"

"Uzio gani?"

"Kati ya wako na wake. Kwetu kuna waya, maili kwa maili. Hapa nini kinawazuia?"

"Hakuna kinachowazuia. Wanajua kwao."

"Wanajuaje?"

Enid alimwona huyu kijana mpana amefungua mdomo kama mtoto kwenye mazingaombwe, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Mama anamzalia pale, anamnyonyesha pale, anamwonyesha penye maji na pa kujificha upepo. Yule mtoto akikua naye anamwonyesha wake. Shamba likipata mpangaji mpya, kondoo hawaendi na yule wa zamani, wanabaki. Ndiyo maana ukiwauza umemaliza. Huwezi kuleta wengine ukawaambia kaeni hapa. Wataondoka, watafika Scotland. Hawa wamekaa hapa tangu wale wa mashua."

"Tangu wale wa mashua," Lorne alinong'ona. "Mama kwa mama." Akavua kofia. Nao walikaa hivyo kwa muda, wanatazama mlima unavyojimimina, na Enid, aliyeona jambo hilo kila vuli ya maisha yake, akaliona kama ameletwa leo.

Kisha Lorne, mchungaji mwana wa mchungaji, akauliza swali ambalo mchungaji yeyote angeuliza. "Na madume je? Madume yako yamezaliwa hapa?"

"Thubutu! Unataka vilema? Madume tunaazima. Mwaka jana nilichukua la Amos, mwaka juzi lilitoka bonde la pili, mwaka huu linatoka kule karibu na bahari. Kila baada ya muda damu mpya, la sivyo kundi linakufa."

"Sasa kama baba zao ni wa Amos na wa baharini, mbona unasema ni kondoo wa Keldrigg?"

"Wewe nawe! Ni wa Keldrigg kwa sababu mama zao..."

Hapo Enid akakwama. Mdomo ulibaki wazi, mkono ukabaki umenyooka kuelekea mlimani. Lorne alidhani nyonga zimembana, akamshika bega. Lakini Enid alikuwa anatazama juu, mahali ukungu ulipokwisha, ambako kijitu kidogo kilikuwa kinateremka nyuma ya kondoo wa mwisho, fimbo begani, bega la kulia limeshuka kidogo. Marian alitembea hivyo. Na mama yao alitembea hivyo hivyo, akitoka chemchemini na ndoo.

"Nipeleke kanisani," akasema.

"Sasa hivi? Na kondoo?"

"Kondoo wanaye mtu wao. Nipeleke."

Amos aliwaona wanateremka mbio, akadhani kuna msiba, akafuata na gari lake. Clement alikuwa uani anakunja kitambaa chake, akarukia ndani ya gari la Amos. Kwa hiyo walipofika makaburini walikuwa wanne, nao watatu hawakujua wamefuata nini. Enid alipita kaburi la baba yake bila kugeuka. Akaenda nyuma, penye majani marefu, kwenye jiwe ambalo watoto wa familia walizoea kulichekea. Kuvu lilikuwa limelifunika, akalikwangua kwa fimbo yake.

Hannah Keldrigg wa Keldrigg. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, na mumewe Joseph.

"Huyu ni nyanya yake babu yangu," alisema Enid. "Tulikuwa tunacheka. Tulisema alikuwa mkali hadi mume akaandikwa chini kama mbwa wake. Clement, Joseph alikuwa Keldrigg wa wapi?"

Clement alifikiri. Huyo ndiye aliyemsumbua miaka yote. "Sikuwahi kumpata alikozaliwa. Anatokea tu."

"Kwa sababu hakuzaliwa Keldrigg. Alioa Keldrigg. Alikuja mtu na begi lake kutoka sijui wapi, akaingia nyumba ya Hannah, na watu wakamwita kwa shamba. Amos! Wewe nani anakuita Mounsey?"

"Posta," akasema Amos. "Wengine wote ni Amos wa Rowhead. Na baba, naye... Enid, baba yangu hata hakuzaliwa Rowhead. Ilikuwa ya mama."

Wakatazamana. Kisha wote wanne wakapiga magoti, mzee wa mabasi, mchungaji wa visiwani, jirani wa vijembe na mwanamke wa nyonga mbovu, wakaanza kukwangua kuvu kwenye mawe ya nyuma. Si kila jiwe lilizungumza. Mengi yalikuwa yameliwa na mvua. Lakini kulikuwa na Agnes wa Keldrigg, na mume chini. Kulikuwa na Dorothy wa Keldrigg, na mume ambaye jina lake halikuandikwa kabisa, ni "mumewe" basi. Hakuna anayeweza kuapa jinsi ilivyokuwa, na hata Clement hadi leo anasema huenda. Lakini pale makaburini hakuna aliyesema huenda. Enid aliweka kiganja juu ya jiwe la Dorothy. Wanaume walikuja kutoka pande zote, kila mmoja na damu yake, wakavikwa jina mlangoni. Mmoja mwanawe akaenda Oldham, wa mwingine akapanda meli kwenda Falkland, na kila aliyeondoka aliondoka na damu ya baba wa zamu. Waliobaki, kila wana wa kiume walipokosekana, mama kwa binti, ni hawa. Na hakuna aliyewaona, kwa sababu watu walikuwa wanahesabu madume.

"Hawakuwa wahuni," alisema Enid. Sauti ilikuwa ya kanisani kabisa. "Walikuwa wanakaa. Walikuwa wanakaa tu, Mungu wangu."

Lorne alikuwa bado amepiga magoti. "Mimi sitaweza kukaa hapa, unajua," akasema taratibu. "Nina waya zangu kule. Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Nilishajua ulipouliza uzio," akasema Enid, akampigapiga shavuni kama mwanawe.

Kwa Bryony hakusema lolote. Mtamlaumu, nami nilimlaumu. Lakini kuna maneno ambayo Enid hakujua kuyasema jikoni. Novemba ikafika, Bryony akaonekana amepanga nguo zake ndani ya begi la mgongoni na kuliegemeza ukutani kwenye korido, na Enid akalipita kila asubuhi.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha kama kawaida yake. Chungu cha nyama na viazi kilikuwa kinatokota ndani ya baa, wanaume walikuwa wameshika bia, mbwa wamefungwa kwenye uzio wakitukanana. Msimamizi wa mwenye ardhi alikuja na buti zake, akajipenyeza hadi kwa Enid.

"Bi. Keldrigg, jina?"

"Subiri. Utalisikia."

Bryony alisimama upande wa pili wa Enid, mikono mifukoni, akitazama miguu yake. Clement alikuwepo, kitambaa kimekunjwa kwapani. Lorne alikuwa anaondoka kesho yake, akiwa ameegemea ukuta na Amos.

Mpiga mwito aliingia zizini. Akaita Rowhead, Amos akaitika na kutia mzaha wake. Akaita shamba lingine, na lingine. Kisha akamkamata kondoo jike mkubwa, kijivu, alama nyekundu mgongoni. Akageuza sikio.

"Keldrigg!"

Enid hakuitika.

Watu walidhani hakusikia. Mpiga mwito akamtazama, akarudia kwa nguvu. "Keldrigg!" Msimamizi akageuka. Amos akafungua mdomo, Lorne akamkanyaga mguu. Bryony aliinua uso akamtazama mama yake mkubwa kwa hofu, akidhani amepatwa na kitu.

"Mama mkubwa, wanakuita."

"Hawaniiti mimi," alisema Enid, macho mbele. "Wanaiita Keldrigg. Mwanangu, umezaliwa pale juu au hukuzaliwa?"

Mvua ilikuwa inamtiririka Bryony usoni, hata haikujulikana ipi ni mvua. Akatoa mikono mifukoni.

"Hapa," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Nani?" alifoka mpiga mwito. "Sisikii! Keldrigg!"

"Hapa!"

Mbwa wakasimamisha masikio, wote, hadi wa mwisho kule uzioni. Mpiga mwito hakuuliza jina la baba wala la mtu yeyote. Alimsukuma kondoo mbele, na Enid akasogea pembeni kumpisha mwenye shamba aingie amchukue.